Vyombo vya Anga vya Binns Road

Vyombo vya anga ninavyovipenda kuliko vyote vilitengenezwa Liverpool, kwenye kiwanda kilichokuwa barabara ya Binns Road. Vilisubiwa kwa zinki, vikapakwa rangi, vikatiwa kwenye maboksi na kuuzwa kwa watoto kwa jina la Dinky Toys. Wakusanyaji wengi huvipanga kabatini kwa kufuata tamthilia za televisheni zilizovizaa: huku vya Thunderbirds, kule vya UFO, juu vya Space: 1999. Mimi huvipanga kwa mwaka wa kutoka kiwandani. Nilijifunza ufundi wa vyuma Mombasa, na jicho langu haliwezi kukiona kitu cha kusubu bila kumtafuta aliyekifanyia kazi. Ukivipanga hivyo, unachokiona mbele yako ni habari ya kiwanda kimoja kilichopigania uhai wake kuanzia 1966 hadi 1979.

Mwanzilishi alikuwa Frank Hornby, mwenyeji wa Liverpool, ambaye mwaka 1901 alipata hataza ya mchezo wa kuunda mitambo kwa vipande vya chuma vilivyotobolewa, skrubu na nati. Mchezo huo baadaye ukaitwa Meccano. Kiwanda cha Binns Road kilianza kazi 1914. Vigari vya kusubu vilikuja mwishoni mwa 1933, kwanza kama vikorombwezo vya kupambia reli za kuchezea za Hornby, na 1934 vikapata jina lake la Dinky. Kwa miaka zaidi ya ishirini kampuni ya Meccano ilitamba. Halafu mwaka 1956 wakaja Corgi kutoka Swansea, magari yao yana madirisha ya plastiki angavu, huku Lesney wa London wakiuza Matchbox zao ndogo kwa bei ya chee. Kufikia 1964 Meccano ilikuwa hoi, ikanunuliwa na Lines Bros, wenye chapa ya Tri-ang. Mwaka uliofuata Corgi wakatoa Aston Martin ya James Bond, ile yenye kiti kinachomtupa abiria nje kupitia paani, ikauzwa kupita kiasi. Binns Road ikabidi watafute cha kwao.

Walikipata kwa Gerry Anderson. Tamthilia yake ya vikaragosi, Thunderbirds, ilianza kuonyeshwa Uingereza tarehe 30 Septemba 1965. Ilipigwa huko Slough, na mitambo yake yote ya maajabu ilitoka mikononi mwa Derek Meddings na mafundi wake. Mwaka 1966 Dinky wakatoa gari la rangi ya waridi la Lady Penelope, mmoja wa wahusika wake, likapewa namba 100. Mwaka 1967 ikafuata namba 101, nayo ni Thunderbird 2.

Hiyo namba 101 ninayo, na ningependa kila fundi aishike walau mara moja. Ni ndege nene ya kijani, pua butu, mabawa yake yameelekea mbele badala ya nyuma. Tumboni imebeba kontena. Ukiiachia miguu yake minne ya plastiki ya njano, springi zinaisukuma chini, mwili wote unanyanyuka, na kontena linabaki mezani. Unafungua mlango wa kontena, ndani kuna chombo cha chini ya maji, Thunderbird 4, kijidude cha plastiki cha njano kinachopotea kirahisi mno. Sasa igeuze. Tumboni kuna alama ndogo za duara: hapo ndipo pini zilipokisukuma kipande kitoke kwenye kalibu. Pita na ukucha ubavuni utahisi mstari mwembamba ambapo pande mbili za kalibu zilikutana. Chuma chenyewe ni zinki iliyochanganywa na alumini kidogo na chembe za metali nyingine, kikayeyushwa kwenye joto la nyuzi mia nne na zaidi za Selsiasi, kikasukumwa kwa shinikizo ndani ya kalibu ya feleji ngumu, kikaganda papo hapo. Kila kipande kilihitaji kukatwa masazo, kusafishwa, kupakwa rangi, kuunganishwa na springi zake. Hizo zilikuwa kazi za mikono, na wengi wa waliozifanya Binns Road walikuwa wanawake wa Liverpool.

Usafi wa zinki si jambo dogo. Vigari vingi vya Dinky vya kabla ya Vita vya Pili vimepasuka na kumomonyoka vyenyewe, bila kuguswa na mtu, kwa sababu risasi kidogo sana iliingia kwenye mchanganyiko na kuula chuma kutoka ndani. Vyombo vya anga vilikuja baada ya somo hilo kueleweka. Ndiyo maana Thunderbird 2 ya 1967, hata ikiwa rangi imebanduka yote, chuma chake mara nyingi bado ni kizima, kizito, na ukikigonga kinalia.

Suala linalowagombanisha wakusanyaji ni rangi. Tamthilia ya UFO ilipoanza mwaka 1970, ndege zake za kivita zinazoruka kutoka mwezini zilionekana nyeupe kwenye kioo. Dinky waliitoa yao, namba 351, ikiwa ya kijani cha kumeremeta, na puani ina kombora kubwa linalolipua fataki. Mwaka 1974 Thunderbird 2 ilirudi madukani kwa namba 106, kubwa kidogo kuliko ya kwanza, lakini sasa ya buluu ya kumeremeta, wakati kila mtoto aliyeitazama alijua kwamba ni ya kijani. Mwaka 1975 ikaja Eagle ya Space: 1999, chombo kilichobuniwa na Brian Johnson, cheupe toka pua hadi mkia. Dinky walikitoa kwa namna mbili, namba 359 cha abiria na namba 360 cha mizigo, na vyote viwili walivitia rangi: cha kwanza kijani, cha pili buluu.

Utawasikia watu minadani wakisema kiwanda kilikosea. Sikubali. Kikosi cha mafundi wenye ustadi wa kuiingiza springi na miguu minne ndani ya kipande cha zinki hakishindwi kuona kuwa kitu ni cheupe. Ninavyoona mimi, walikuwa wanaifikiria rafu ya duka: cheupe kitupu kinafifia ndani ya boksi, kijani cha kumeremeta kinamwita mtoto kutoka mlangoni. Walitengeneza kitu cha kushikwa, chenye sheria zake, na tamthilia ilikuwa mwaliko tu.

Watoto nao walikuwa na maoni yao. Kwenye gulio moja la Jumapili nilinunua Eagle namba 359 ambayo mwenye stendi aliiweka kwenye kapu la vibovu. Sehemu zote za kijani zilikuwa zimepakwa rangi nyeupe ya nyumba kwa brashi nene, matone yamegandia miguuni, na chini ya injini palibaki kijani ambapo brashi haikufika. Mtoto fulani alitazama televisheni, akatazama alichonacho mkononi, akaamua kukirekebisha. Rafiki yangu mmoja alinishauri niichovye kwenye dawa ya kutoa rangi ili nipate ile asili. Sitaifanya hivyo kamwe. Rangi ile ni sehemu ya historia ya chombo sawa na ile ya kiwandani.

Kampuni ya Lines Bros ilianguka mwaka 1971, na Meccano ikaangukia mikononi mwa Airfix. Miaka iliyofuata vyombo vya anga vikawa miongoni mwa bidhaa zilizokibeba kiwanda. Ikatoka Enterprise ya Star Trek, namba 358, inayorusha visahani vidogo vya njano, na meli ya vita ya Klingon, namba 357, ya buluu. Ile Enterprise nilipoishika mara ya kwanza nilisimama nayo muda mrefu, maana kusubu sahani pana namna ile, nyembamba pembeni, bila chuma kuganda kabla ya kufika ukingoni, ni kazi ya watu wanaojua wanachokifanya.

Mwaka 1977 ikaja filamu ya Star Wars, na leseni ya vitu vyake vya kuchezea ilikuwa ya Kenner wa Cincinnati, Marekani. Uingereza viliuzwa na Palitoy. Kenner walitumia plastiki, wakakata kimo cha wanasesere wao kiwe sentimita tisa na nusu hivi ili waweze kuingia ndani ya vyombo vyenyewe. Millennium Falcon yao ya 1979 ina nafasi ya kumkalisha rubani. Zinki haikuweza kushindana na hilo kwa uzito wala kwa bei. Binns Road wakabaki kubuni vya kwao, bila filamu nyuma yake. Trident Star Fighter, namba 362, ni kimojawapo, cheusi, na ni cha kuvutia kuliko bei yake ya leo.

Kiwanda kilifungwa tarehe 30 Novemba 1979, bila notisi ya maana. Wafanyakazi walikikalia wakidai kazi zao, na wakakishikilia kwa miezi kadhaa. Airfix yenyewe ilianguka Januari 1981. Jina la Dinky lilizunguka mikononi mwa watu mpaka 1987 likaishia kwa wenye Matchbox.

Siku hizi kuna mafundi wadogo wanaotengeneza upya vipande vilivyopotea: makombora, miguu, Thunderbird 4 za njano. Nawashukuru, kwa kuwa bila wao vyombo vingi vingebaki vilema. Ninachowaomba wauzaji ni waseme kipi ni kipya. Kwangu kila chombo kina kadi yake: mwaka, namba, nilikokipata, na kipande gani hakikutoka Binns Road. Kadi ya ile Eagle nyeupe haina kipande kilichobadilishwa. Nimeandika tu kwamba rangi ya pili ilipakwa nyumbani.