Mto Mulongwe na Mji wa Uvira

Mtu akisimama Uvira anaona mara moja jinsi mji ulivyobanwa. Mbele yake kuna Ziwa Tanganyika, nyuma yake milima ya Mitumba inayopita meta 3,000 juu ya bahari. Katikati kuna nchi tambarare, nayo ni nyembamba. Nchi hiyo ilitoka wapi? Ililetwa na mito yenyewe. Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira imeshusha mawe na mchanga tangu zamani, ikavitandika kando ya ziwa. Basi aliyejenga hapo amejenga juu ya mzigo wa mafuriko ya kale.

Mwezi wa Februari 2002 maji yaliua makumi ya watu mjini. Tarehe 16 na 17 Aprili 2020 Mulongwe ukaruka kingo zake tena. Makumi walikufa, nyumba kwa maelfu zikaharibika. Hata mitambo ya Regideso, inayoteka maji katika mto huo huo, iliharibika. Watu wakazungukwa na maji bila kuwa na ya kunywa, tena katika mji unaojua sana kipindupindu.

Ziwa nalo hupanda, kama mwaka wa 1964 na mwaka wa 2024, lakini ziwa humpa mtu siku za kuhamisha vyombo vyake. Mto wa mlimani haumpi hata saa moja. Mvua yaweza kunyesha huko juu na mjini pakawa pakavu. Zaidi ya hayo, udongo ukiporomoka huziba mto. Maji hujikusanya nyuma yake, kisha kizuizi hupasuka. Kwa hiyo mvua ikiwa kali na mto ukapungua ghafula, usifurahi: chukua watoto, panda mahali pa juu. Wala usijaribu kuvuka. Maji ya magotini yenye nguvu huangusha mtu mzima.

Kuzoa mawe mtoni kabla ya masika, kujenga kingo kwa vikapu vya senyenge vilivyojaa mawe, kupanda miti mlimani: kazi hizi zafaa, ila mto hujaza tena njia yake kila mwaka. Kilicho kigumu zaidi ni kuacha ukingo wazi. Simlaumu maskini anayerudi kujenga pale pale. Kiwanja cha mtoni ndicho anachoweza kulipia, na soko liko karibu.