Rula ya Philadelphia, Mnyoo wa Kwetu

Ukitoka Nakuru kuelekea Njoro, ukishuka Ngata, utaelekezwa kwenye jumba la mawe la Lord Egerton. Lilianza kujengwa 1938 na likakamilika 1954. Stori inayosimuliwa na waongozaji wa wageni pale ni kwamba bwana huyu alikataliwa na mwanamke aliyeifananisha nyumba yake ya kwanza na kibanda cha mbwa. Akajenga kasri, mwanamke akakataa bado, na kuanzia hapo wanawake na mbwa wakapigwa marufuku kukanyaga pale. Ukweli wa stori hiyo nawaachia wenyewe. Ninachokipenda ni kilichofuata: shule ya kilimo aliyoianzisha Njoro 1939 ndiyo Chuo Kikuu cha Egerton leo, na ndani yake vijana husomea utabibu wa wanyama. Yaani kwa jina la mtu aliyefukuza mbwa, mtu anajifunza kusoma moyo wa mbwa.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, na hakikuwa hicho. Haya nimeyasoma kwa simu, mengine ndani ya matatu, kwa sababu ya mbwa mmoja wa jirani nitakayemfikia.

Eksirei na Nakuru ni rika moja. Novemba 1895, huko Würzburg, Ujerumani, Wilhelm Röntgen aliona miale asiyoielewa akaipa herufi X. Mwaka uliofuata reli ilianza kutandazwa kutoka Mombasa, na kufikia 1900 ilikuwa imeteremka bondeni hadi Nakuru. Lakini mnyama aliyetazamwa kwa makini enzi hizo alikuwa yule wa kuuzwa. Homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa 1931 kwa sababu kondoo walikuwa wanakufa kwenye shamba karibu na Ziwa Naivasha. Kondoo ni pesa. Mbwa wa mfanyakazi wa shamba angekohoa hadi afe na hakuna daftari lingeandika.

Sasa, picha yenyewe huonyesha nini? Hewa hutoka nyeusi, mfupa mweupe, na kila kitu chenye maji au nyama hutoka kijivu. Damu ni kijivu, msuli wa moyo ni kijivu, maji yaliyojaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo ni kijivu kilekile. Kwa hivyo huoni moyo, unaona kivuli chake. Kivuli kikubwa kinaweza kuwa moyo uliotanuka, au moyo wa kawaida ulioogelea kwenye maji. Mbwa akipigwa picha akiwa ametoa pumzi, moyo huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Na paka ndiye mjanja zaidi: ugonjwa wake mkuu wa moyo hunenepesha kuta kuelekea ndani, kwa hivyo kivuli kinaweza kuonekana poa kabisa huku paka anaelekea kufa.

Madaktari walibuni njia ya kukigawa kivuli hicho kama uso wa saa, mbwa akitazamwa kutoka juu. Vitabu vinasema mshipa mkuu wa damu, aota, huanzia namba 11 hadi 1. Hapa Mswahili lazima asimame kidogo, maana mshale ukiwa kwenye 11 sisi tunasema saa tano. Ukimwambia mwanafunzi atafute aota saa kumi na moja, atakwenda chini kwenye kona ya moyo na hataiona.

Swali la ukubwa lilisumbua kwa miaka mingi. Watu walihesabu nafasi kati ya mbavu: moyo ukifunika mbili na nusu hadi tatu na nusu, basi sawa. Ilikuwa kukisia. Utapimaje kwa kipimo kimoja mnyama anayeanzia Chihuahua hadi Great Dane? Mwaka 1995, James Buchanan wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, pamoja na Jörg Bücheler, walichapisha jibu ambalo kwangu ni tamu kwa urahisi wake: tumia mgongo wa mbwa mwenyewe kama rula. Unapima urefu wa moyo, kutoka pale bomba la hewa linapogawanyika hadi nchani. Unapima upana penye unene zaidi. Vipimo vyote viwili unavilaza kwenye uti wa mgongo kuanzia pingili ya nne ya kifua, unahesabu pingili, unajumlisha. Katika mbwa 100 wenye afya wastani ulikuwa 9.7. Ukipita 10.5 daktari anaanza kuuliza maswali. Paka 100 walipimwa baadaye, 2000, wakapata 7.5.

Rula ikaenea dunia nzima. Kisha ikaonekana kwamba Boxer mzima kabisa hupita pingili 11, na Labrador naye huvuka mstari bila ugonjwa wowote. Ina maana kuna Boxer waliomezeshwa dawa za moyo kwa kosa la kuzaliwa Boxer.

Kenya ina mchango wake kwenye kusoma kifua cha mbwa, na ulitoka kwa mbwa ambao hawangepelekwa kliniki. Ni mnyoo, *Spirocerca lupi*. Dundu wa mavi, wale wanaoviringisha kinyesi, hubeba kiluwiluwi chake. Mbwa humla dundu, au hula utumbo wa kuku aliyemla dundu. Kiluwiluwi hutoboa tumbo, hupanda kwa mishipa ya damu hadi kwenye aota, hukaa humo kama miezi mitatu, kisha huvuka hadi kwenye umio na kujenga uvimbe. Aota hubaki na makovu na mifuko dhaifu. Ikipasuka mbwa anaanguka tu. Uvimbe wa umio nao unaweza kugeuka saratani. Max Murray aliandika kuhusu madhara yake nchini 1968. Mwaka 1977 Robert Brodey na wenzake wakaandika tena kuhusu mbwa wa Kenya, na Brodey alikuwa wa Pennsylvania, chuo kilekile cha rula.

Tena mnyoo huyu huotesha miiba ya mfupa chini ya pingili za kifua, zilezile zinazotumika kupimia.

Mbwa wa jirani anaitwa Simba, chotara wa German Shepherd, Kaptembwo. Alikuwa anakohoa na kutapika chakula kabla hakijashuka. Mtu fulani alikuwa ameshamuuzia Mama Njeri dawa ya moyo na ya kukojoza, miezi miwili, na pesa yenyewe ni ya maziwa. Daktari aliyemwona baadaye aliibandika filamu dirishani na kuhesabu pingili. Zilipita kumi kidogo. Hakusema kitu. Akauliza, "Mama, huyu hulala wapi?"

"Kwa zizi la ng'ombe, daktari. Analinda."

Ndipo akatuonyesha kivuli kingine nyuma ya moyo, karibu na mgongo, ambacho mimi nilidhani ni uchafu wa filamu. Chini ya pingili kulikuwa na miiba. Alisema picha inampa shuku tu, akaomba kinyesi cha Simba ili atafute mayai. Yalikuwepo. Sindano zilifuata kila wiki mbili, dawa ya jamii ileile anayochomwa ng'ombe kwa minyoo. Za moyo zikaachwa.

Baada ya miezi kadhaa alipigwa picha nyingine, na daktari akazibandika mbili hizo kando kwa kando. Miiba ilikuwa palepale. Kivuli kilikuwa kimepungua. Mama Njeri alizitazama kwa muda, kisha akauliza kama sasa anaweza kumfungua usiku.