Nyaya Ukutani: Umeme wa Majumbani Korogwe na Handeni

Katika bonde la Mto Pangani, umeme ulikuja kwa ajili ya mkonge. Kampuni ya umeme, TANESCO, ilianzishwa mwaka 1931, na mwaka 1936 kituo cha Maporomoko ya Pangani, chini kidogo ya Hale, kilianza kuzalisha umeme wa mashamba na wa mji wa Tanga. Kwenye mashamba ya Korogwe waya ulitangulia kwenye korona, ambako mkonge husindikwa, kisha ukaenda kwenye nyumba za mameneja. Manamba, yaani vibarua wa mashamba hayo, waliendelea na koroboi kambini.

Nyumba za mameneja ziliwekewa nyaya kwa taratibu za Kiingereza za wakati ule. Shaba ilivikwa mpira na kitambaa, ikapitishwa juu ya vipande vya mbao au ndani ya mabomba ya chuma, na soketi zilikuwa za matundu ya mviringo. Soketi ya matundu matatu ya mstatili, ambayo leo iko katika kila duka la vifaa vya ujenzi, iliwekewa viwango Uingereza mwaka 1947 na kuenea taratibu. Mpira ule huzeeka vibaya. Joto huukausha, na fundi akivuta waya kidogo tu ganda hupukutika na kuiacha shaba wazi. Kwa hiyo katika nyumba kongwe soketi haihamishwi kwa kuunga kipande kipya kwenye waya wa zamani. Waya wote wa njia hiyo hung'olewa hadi kwenye meni swichi na kuwekwa mwingine wa plastiki.

Kituo cha Hale kilipoanza kazi mwaka 1964 kikiwa na uwezo wa megawati 21, njia ya kilovolti 132 ilielekea Dar es Salaam ikikatiza mashariki ya Handeni. Msongo mkubwa namna hiyo hauingii nyumbani bila kituo cha kupoza, na vijiji vilivyopitiwa na njia hiyo vilikaa gizani kwa miaka mingi. Hilo lilikuwa jambo la uchungu kwa wilaya iliyoona nguzo kila siku.

Ujenzi nao uliamua mengi. Kwenye nyumba ya fito na udongo waya hupigiliwa juu ya ukuta kwa klipu, hivyo kuuhamisha ni rahisi kwa sababu unaonekana. Tofali za kuchoma na bloku zilileta mtindo wa kuchonga ukuta, kulaza paipu na kupiga plasta juu yake. Nyumba ikapendeza, lakini njia ya waya ikapotea machoni. Fundi aliyekata mshazari ili kuokoa mita mbili za waya alimwachia hatari yeyote atakayekuja baadaye na msumari wa kutundikia picha. Fundi makini hushusha waya wima kutoka darini hadi kwenye soketi.

Kuondoa soketi huanzia kwenye meni swichi, kwani swichi ya soketi yenyewe haiondoi umeme ulioko nyuma yake. Testa hujaribiwa kwanza mahali penye umeme. Kisha meni swichi huzimwa, fyuzi hutolewa na kukaa mfukoni mwa fundi, ndipo soketi hupimwa. Huenda soketi hiyo ndiyo inayolisha nyingine, na nyaya zake zikikatwa ovyo chumba cha jirani hukosa umeme au, vibaya zaidi, hukosa waya wa ardhi. Kosa lililozoeleka ni kusokota ncha, kuzifunga tepu na kuzifukia kwa plasta. Waya usiotakiwa unapaswa kuondolewa hadi chanzo chake. Ukibaki, ncha zake hufungwa kwa koneta ndani ya boksi lenye kifuniko kinachofikika. Waya wa ardhi huhitaji uangalifu zaidi Handeni, kwa kuwa udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida na nondo fupi ya shaba huenda isitoshe.

Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007, na ada ya kuunganishwa vijijini ikaja kuwekwa shilingi 27,000. Kwa nyumba ndogo ulikuja ubao wa UMETA (Umeme Tayari), wenye soketi na kinga yake, usiohitaji kutandaza nyaya vyumba vyote. Mwenye nyumba akiongeza chumba au kubomoa ukuta, hapo ndipo nyaya huanza kutandazwa, na Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inataka kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.