Kutoka Kilindini hadi Kampala: Historia ya Kusikiliza Redio za Wengine

Mwaka 1942, baada ya ndege za Kijapani kuushambulia mji wa Colombo mwezi wa Aprili, kikosi cha Waingereza kilichokuwa kikisikiliza redio za jeshi la majini la Japani kilihamishiwa Mombasa. Kiliwekwa Kilindini, katika jengo la shule ya Allidina Visram, iliyopewa jina la mfanyabiashara Mhindi ambaye maduka yake yalifika hadi hapa Kampala. Mawimbi yalisikika hafifu kuliko kule Colombo. Hata hivyo, Novemba mwaka huo kikosi kilifumbua JN-40, fumbo lililotumiwa na meli za biashara za Japani.

Sehemu hiyo ya ufumbuzi ndiyo husimuliwa. Mimi huvutiwa zaidi na kazi ya kila siku ya wasikilizaji wa aina hii: kuandika kituo kipi kimeita kipi, saa ngapi, mara ngapi, na nani aliyejibu. Bila kuelewa neno hata moja, mtu aliweza kujua nani ni mkubwa wa nani, na lini kundi limeanza kujiandaa kwa safari. Naona kwamba anayesikiliza hewa ya Kampala leo amerudishwa kwenye kazi hiyohiyo, na kwamba jambo hili linatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili kuliko tunavyodhani.

Redio za zamani zilikuwa rahisi. Kila kikundi kilikuwa na masafa yake, na aliyeyapata alikaa hapo akasikia kila kitu. Mfumo wa trankingi ulivunja utaratibu huo. Masafa machache yanagawiwa watumiaji wengi, kama steji ya bodaboda ambapo mteja hana pikipiki yake. Aliye mbele kwenye foleni ndiye anayembeba. Askari akibonyeza kitufe, redio yake huomba nafasi, na kompyuta ya mtandao humwelekeza kwenye chaneli iliyo wazi. Dakika moja baadaye kikundi hichohicho chaweza kuwa kwenye masafa mengine. Kinachobaki mahali pake ni chaneli ya uongozi, ambayo haipumziki: usiku na mchana inatangaza kwamba kikundi fulani kiende chaneli fulani.

Kufuata mfumo wa namna hiyo kulihitaji kifaa cha bei kubwa, mpaka mwaka 2012. Mwaka huo watengenezaji wa programu huria waligundua kwamba chipu ya RTL2832U, iliyomo ndani ya vidude vya bei nafuu vya kutazamia televisheni kwenye kompyuta, inaweza kutoa mawimbi yenyewe yakiwa ghafi, na kazi yote iliyobaki ikafanywa na programu. Ajabu ni kwamba vidude hivyo vilitengenezwa kwa DVB-T, ilhali Uganda inarusha televisheni kwa DVB-T2. Hapa kwetu havionyeshi hata taarifa ya habari, lakini vinafungua megahezi 24 hadi zaidi ya 1,700.

Sasa nirudi kwenye lugha. Kiswahili cha Uganda kilipita kambini kabla ya kufika darasani. Kilikuwa lugha ya King's African Rifles, kikarithiwa na jeshi na polisi wa nchi huru. Mganda asiyejua sentensi moja ya Kiswahili bado anamwita askari "afande". Katika miaka ya 1980 misako ya watu mitaani iliitwa "panda gari", maneno mawili ambayo wazee wa Kampala hawayasikii kama amri ya kawaida mpaka leo. Katiba ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Vitabu vyetu huanza na tarehe hiyo. Kiswahili kilichosemwa kwenye simu za upepo, ambacho hapa watu hukiita cha "redio koli", hakimo vitabuni humo, ingawa kwa miaka mingi kilipita juu ya mapaa yetu kila usiku.

Halafu mlango ukafungwa. Wakati wa maandalizi ya mkutano wa Jumuiya ya Madola wa Novemba 2007, polisi wa Kampala walipata redio za TETRA, mfumo wa trankingi wa kidijitali uliobuniwa Ulaya miaka ya 1990, wenye uwezo wa kusimba sauti. Kulikuwa na sababu. Tarehe 11 Julai 2010 mabomu ya Kabalagala na Kyadondo yaliua watu zaidi ya 70. Siku chache baadaye Bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti unasaji wa mawasiliano, inayotaka kibali cha jaji. Hata usiri wenyewe una matabaka. TEA2, mojawapo ya njia za kusimba za TETRA, iliwekewa polisi wa Ulaya. Nchi nyingine ziliuziwa njia nyingine. Mwaka 2023 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba ufunguo wa TEA1, unaotajwa kuwa wa biti 80, umepunguzwa ndani kwa ndani hadi biti 32. Aliyeuza alijua, aliyenunua akaachwa aamini.

Nimewasha kidude changu hapa Wandegeya. Kwenye skrini, mstari mmoja haukatiki. Pembeni mwake mingine inazuka na kuzimika kama vimulimuli. Hiyo ndiyo sura ya trankingi, na nimeishia kuitazama tu. Kuyafumbua yaliyomo ni kosa kisheria, na sioni kwa nini mwanahistoria asamehewe asilosamehewa mwizi anayetaka kujua doria iko wapi.

Kwa hiyo nimegeukia watu. Kuna askari wastaafu walioshika simu za upepo kabla ya 2007, na kumbukumbu zao hazijasimbwa. Kwenye dodoso langu swali la kwanza ni lile la Kilindini: ulipomwita mwenzako hewani usiku, ulimwita kwa namba, kwa cheo au kwa jina?