Sauti Isiyo na Neno

Huku Kirolirwe, penye njia ya Sake kwenda Kitshanga, wasemao Kinyarwanda hutofautisha sauti mbili zisizo na neno: impundu, vigelegele vya mama mtoto anapozaliwa, na induru, yowe la kuwaita majirani penye hatari. Zote mbili hutoka kooni mwa mtu yule yule. Mgeni aweza kuzichanganya.

Warumi wa kale walitumia kitenzi kimoja, ululare, kwa mbwa mwitu na kwa wanawake waombolezao. Aliyelelewa na lugha hiyo angedhani furaha yetu ni kilio. Lakini Mtakatifu Augustino (354–430), Mwafrika, askofu wa Hippo, alifundisha kwamba wavunaji waliojaa furaha huacha maneno na kushangilia kwa sauti tupu. Na sauti hiyo yamfaa Mungu asiyetamkika. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha Misale ya majimbo ya Zaire, na shangwe za Kiafrika zikapata nafasi altareni.

Basi tusihukumu sauti ya jirani kabla ya kumwuliza maana yake. Ila induru ikisikika usiku, tusiulize ni ya kabila gani. Twende.