Historia za Vitu vya Nyumbani (6): Swichi ya Mguu ya Gitaa, na Erthi Tunayoidharau

Tuendelee na mfululizo wetu. Leo ni kitu ambacho wengi wenu hamjawahi hata kukitaja: swichi ya mguu ya amplifaya ya gitaa. Dada mmoja ameniandikia kwamba mume wake anapigia kwaya gitaa, amenunua amplifaya ya mtumba, haikuja na swichi yake, na sasa anataka kuitengeneza mwenyewe. Anauliza kama kuna hatari. Ipo, ila haiko pale anapoitafuta. Tuanze na historia kwanza, hilo litajitokeza lenyewe.

Kwa nini mguu? Kama umewahi kukaa kwenye cherehani ya miguu, jibu unalo. Mikono yote miwili inaongoza kitambaa, basi miguu inapewa kazi ya kuzungusha. Wodini ni hivyo hivyo: ndoo ya taka tunaikanyaga ifunguke, maana mikono ina glavu zenye damu. Anayetajwa kubuni ndoo hiyo ya kukanyaga ni mama wa Kimarekani, Lillian Gilbreth, mhandisi, aliyezaa watoto 12. Mama wa watoto 12 anajua maana ya mikono kujaa!

Mpiga gitaa naye yuko hapo hapo. Mkono wa kushoto unabana nyuzi, wa kulia unapiga. Akitaka kubadilisha sauti katikati ya wimbo, aachie mkono upi?

Twende Marekani, mji wa Fullerton, California. Alikuwepo fundi redio anaitwa Leo Fender, aliyefungua duka lake la kutengeneza redio mwaka 1938. Gitaa lenyewe hakujua kulipiga, na bado magitaa na amplifaya zenye jina lake zinapigwa dunia nzima. Mwaka 1955 kampuni yake ilitoa Tremolux, amplifaya yao ya kwanza yenye mtetemo ndani yake, yaani sauti inapanda na kushuka haraka haraka, kama mtoto anayechezea kitufe cha sauti cha redio. Mwaka 1963 ikaja Vibroverb, ya kwanza kwao yenye mwangwi wa springi ndani. Mwangwi huo chimbuko lake ni vinanda vya Hammond: sauti inapitishwa kwenye springi nyembamba ndani ya sanduku la bati, springi zinatikisika, na inayotoka inasikika kama uko kwenye kanisa kubwa lisilo na watu. Ukiigonga amplifaya ya namna hiyo inanguruma kama radi. Watoto wakishaligundua hilo, imekula kwako.

Sasa mpigaji ana vitu viwili vya kuwasha na kuzima, mwangwi na mtetemo, na mikono haina nafasi. Ndipo kikawekwa chini sakafuni kisanduku chenye vitufe viwili, na waya unaoishia kwenye plagi mbili ndogo, zile zile mlizozizoea nyuma ya deki ya DVD, nyekundu na nyeupe.

Ukifungua kisanduku hicho utashangaa. Hamna kitu! Swichi mbili na waya, basi. Uchawi wote uko ndani ya amplifaya. Kwenye Fender nyingi za miaka hiyo ya 1960, ukikanyaga kitufe cha mwangwi, swichi inaupeleka mwangwi kwenye erthi ya amplifaya, unanyamaza. Mtetemo ni kinyume chake: mpaka uungwe na erthi ndiyo unafanya kazi. Kwa hiyo mtu akinunua amplifaya ya aina hiyo bila swichi, mwangwi atausikia, mtetemo hatausikia, atasema imekufa na kukimbilia kwa fundi. Haijakufa. Inasubiri mguu.

Baadaye miguu ikaongezewa kazi. Mwaka 1961 huko Nashville ulitoka wimbo wa Marty Robbins, ambamo gitaa la besi la Grady Martin linakwaruza kama nyuki kwenye kopo, kwa sababu njia moja ya mtambo wa studio ilikuwa na hitilafu. Watu wakaupenda mkwaruzo wenyewe! Mwaka 1962 ukawa unauzwa dukani ndani ya kisanduku cha kukanyaga, Maestro Fuzz-Tone, na mwaka 1965 Rolling Stones wakaupeleka duniani kote kwenye wimbo wao wa "Satisfaction". Mwishoni mwa miaka ya 1970 amplifaya za Mesa/Boogie za California zilikuwa zinabadilisha sauti nzima, kutoka laini kwenda kali, kwa kukanyaga mara moja.

Haya, kununua au kutengeneza? Kwa amplifaya ya zamani au ya kawaida, kutengeneza ni kazi ya jioni moja kwa anayejua kuunga waya. Ila ajue kwanza yake inataka swichi gani. Kuna ya kubaki ilipobonyezwa, kama ya taa ya chumbani, na kuna ya kubonyeza na kuachia, kama kengele ya mlangoni. Ukikosea hapo, haitafanya kazi inavyotakiwa. Zile za kisasa ambazo swichi yake inatuma ishara kama kompyuta, anunue tu ya kampuni, asijisumbue.

Na hapa nesi anaingia. Ile risasi ya kuungia waya, nyingi ina madini ya risasi kweli, na madini hayo yanaharibu ubongo wa mtoto unaokua. Asifanyie kazi hiyo kwenye meza ya chakula. Dirisha liwe wazi, mtoto awe chumba kingine, meza ifutwe kwa kitambaa chenye maji, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto. Hilo halina mjadala.

Lakini hatari kubwa zaidi ni amplifaya yenyewe. Swichi inabeba umeme mdogo. Amplifaya, hasa ya zamani ya balbu, ina umeme wa kuua, na kapasita zake zinaweza kuutunza hata baada ya kuchomoa plagi. Atengeneze swichi, ila sanduku kubwa alifungue fundi aliyesomea.

Halafu kuna erthi. Nyuzi za gitaa la umeme zimeungwa na erthi ya amplifaya. Amplifaya ikiwa na hitilafu na waya wa erthi haupo, nyuzi zinaweza kuwa na umeme. Mpigaji ameshika nyuzi, midomo inagusa maikrofoni, umeme unapita kifuani, na kifuani ndiko moyo uliko. Amplifaya nyingi za Marekani za miaka ya 1950 na 1960 zilitoka kiwandani na plagi ya miguu miwili, erthi hakuna. Mei 1972, Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alishika maikrofoni isiyo na erthi jukwaani Swansea, Wales, akafa akiwa na miaka 27. Mei 1976, Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, alikufa nyumbani kwake Uingereza akipiga gitaa ambalo erthi yake haikuwa sawa. Alikuwa na miaka 33.

Sasa niambieni, nyumbani kwenu ni nani anachomeka kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili iingie? Tundu hilo ndilo la erthi. Na mguu wa tatu wa plagi usikatwe kwa sababu eti haufai kwenye ekstensheni. Kwa mtumba wa kutoka Marekani kuna jingine: kule umeme ni volti 120, kwetu ni 230. Bila transfoma ya kushusha, usichomeke.

Mtu akinaswa, usimshike. Zima swichi kubwa ya nyumba kwanza. Ikishindikana, simama juu ya kitu kikavu kisichopitisha umeme na umsukume kwa mti mkavu. Akishaachana na umeme, kama hapumui, anza kumkandamiza kifua katikati, kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta gari. Na akiinuka mwenyewe akasema yuko sawa, mleteni hospitali hata hivyo. Moyo uliopitiwa na umeme unaweza kuvuruga mapigo yake, na ngozi inaweza kuonyesha kidoa kidogo tu wakati nyama ya ndani imeungua.

Jumapili tutaendelea na pasi ya mkaa.