Somo la Historia: Leyland, Jina Lililo Mbele ya Lori

Leo tutasoma neno moja, kisha tutaeleza habari zake. Huenda mmekwisha kuliona mbele ya lori la polisi likipita hapa Dodoma: ASHOK LEYLAND. Lori hilo huundwa India, lakini Leyland ni mji wa Uingereza. Imekuwaje?

Katika mji huo aliishi James Sumner, mtoto wa mhunzi. Alipenda mno mitambo ya mvuke, hata akaunda mashine ya mvuke ya kukatia majani! Mwaka 1896 yeye na jamaa ya Spurrier walianzisha kampuni ya kuunda magari ya mizigo, nayo yaliendeshwa kwa mvuke. Mwaka 1907 kampuni ikachukua jina la mji.

Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Uingereza lilinunua kwao malori maelfu. Vita ilipokwisha, wenye kampuni wakaingiwa na hofu: malori haya yakiuzwa kwa bei ya chini, nayo yamechakaa, jina letu litaharibika. Wakayanunua tena kwa maelfu, wakayatengeneza upya. Fikirini, seremala anunue tena viti alivyokwisha kuuza! Nusura wafilisike.

Baadaye malori yao yalienea nchi nyingi. Mwaka 1974 iliundwa Leyland Kenya, serikali ya Kenya ikiwa na hisa, na kiwanda kikawekwa Thika. Vipande vililetwa kutoka ng'ambo, mafundi wakaviunganisha. Ilikuwa kazi ya maana, lakini kuunganisha si kuunda. Wahindi walikuwa wametangulia. Kampuni ya Ashok Motors, iliyoanza 1948, ilishirikiana na Leyland, na mwaka 1955 ikaitwa Ashok Leyland. Huko Madras walijifunza kuunda sehemu moja baada ya nyingine, mpaka wakaweza kuunda malori yao wenyewe.

Na Uingereza je? Mwaka 1968 Leyland iliunganishwa na viwanda vya motokaa vilivyokuwa vikishindana. Ikaja migomo, ikaja hasara, na mwaka 1975 serikali ikaichukua. Kazi ya malori iliunganishwa na DAF ya Uholanzi mwaka 1987. DAF ikaanguka mwaka 1993. Na mwaka 1998 kiwanda kikanunuliwa na Paccar ya Marekani. Malori bado yanaundwa katika mji wa Leyland, ila mbele yake pameandikwa DAF.

Sasa chukueni kalamu. Mwulizeni mzee mmoja aliyeendesha lori zamani katika barabara ya Iringa: liliitwaje, na vipuri vilitoka wapi? Andikeni majibu yake, mje nayo darasani.